Paul Robeson, Mwigizaji wa Sinema na Mwanafunzi wa Kiswahili

Miongoni mwa watu waliojifunza Kiswahili mjini London katika miaka iliyo baina ya Vita Kuu viwili, yumo mmoja ambaye hakuwa afisa wa serikali ya kikoloni, wala mmisionari, wala mfanya biashara. Alikuwa mwigizaji na mwimbaji, raia wa Marekani, mwana wa mtu aliyezaliwa mtumwa. Jina lake Paul Robeson. Mwanzoni mwa mwaka 1934 alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika cha Chuo Kikuu cha London, akasoma elimu ya matamshi pamoja na Kiswahili. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na mitano, na sifa zake zilikwisha kuenea Ulaya na Marekani. Hakuhitaji cheti, wala hakuna mtu aliyemtuma. Basi alitafuta nini katika darasa lile? Na je, alichokipata kilimfaa kitu alipokwenda kusimama mbele ya kamera?

Walioandika habari za Robeson ni wengi, nao kwa kawaida hushika mojawapo ya njia mbili: ama husifu sauti yake, ama hujadili siasa zake. Sinema zake hutajwa kwa upesi, nayo masomo yake ya lugha za Kiafrika hupewa sentensi moja, kana kwamba yalikuwa mchezo wa mtu mwenye wasaa. Mimi naona ya kuwa mambo hayo mawili yaliyoachwa pembeni hayawezi kutenganishwa, kwa sababu mwaka uleule aliokuwa akisoma Kiswahili ndio mwaka aliokubali kuigiza katika filamu ambayo baadaye aliijutia kuliko zote.

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898, katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa katika utumwa huko North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, akajitafutia elimu hata akawa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri. Mama yake, Maria Louisa Bustill, alitoka katika ukoo wa watu weusi waliokuwa huru tangu zamani. Alifariki mwaka 1904 kwa ajali ya moto nyumbani, na Paul hajatimiza miaka sita. Kabla ya msiba huo mchungaji alikuwa amekwisha kunyang'anywa usharika wake wa Princeton, na kwa muda akaishi kwa kuzoa majivu na kuendesha gari la farasi. Hata hivyo, hakuacha kumfundisha mwanawe kusema. Alimtaka atamke kila neno kwa ukamilifu wake, na atoe hotuba mbele yake jioni. Msomaji mwenye kushughulika na lugha asilipite jambo hili haraka. Mtu ambaye sheria ya nchi yake ilipata kumkataza kusoma ndiye aliyefanya matamshi safi kuwa urithi wa nyumba.

Mwaka 1915 Paul aliingia Rutgers kwa msaada wa masomo alioushinda katika mtihani. Alikuwa mwanafunzi mweusi wa tatu katika historia ya chuo kile. Huko alisifika katika mpira wa Kimarekani, akachaguliwa mara mbili, mwaka 1917 na 1918, kuwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima, na mwaka 1919 ndiye aliyetoa hotuba kwa niaba ya wahitimu wenzake. Kisha akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akahitimu mwaka 1923. Mwaka 1921 alikuwa amemwoa Eslanda Cardozo Goode, mwanamke msomi ambaye tutamkuta tena mbele. Kazi ya uwakili haikudumu. Katika ofisi aliyoajiriwa, karani mmoja wa kuandika hati alikataa kuandika maneno yanayotoka kinywani mwa mtu mweusi, na Robeson akaondoka, asirudi tena katika kazi ile.

Katika michezo ya kuigiza aliingia karibu kwa bahati, kwa kuombwa na marafiki wa Harlem. Mwaka 1924 alichukua nafasi kuu katika michezo miwili ya Eugene O'Neill, na tarehe 19 Aprili, 1925, pamoja na mpiga piano Lawrence Brown, alitoa mjini New York onyesho zima la nyimbo za watu weusi wa Marekani, hasa zile za kiroho walizoziimba wakiwa watumwa. Nyimbo hizo zilikuwa zimekwisha kuimbwa majukwaani na wengine kabla yake. Jambo geni lilikuwa kwamba alizitoa kwa lafudhi ya wenyewe, wala hakuzivika nguo za Kiitalia wala za Kijerumani ili zipate heshima.

Mwaka huohuo wa 1925 ndipo alipoonekana katika sinema kwa mara ya kwanza. Filamu iliitwa Body and Soul, na mtengenezaji wake ni Oscar Micheaux, mtu mweusi aliyetunga, akaongoza, na kuziuza mwenyewe picha zake kwa ajili ya watazamaji weusi. Robeson aliigiza watu wawili: mhalifu mlevi anayejifanya mhubiri ili kuwala waumini, na ndugu yake mpole. Picha ilikuwa bubu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na sauti kuu kuliko zote za wakati wake aliingia katika sinema bila ya sauti, naye akaweza kutisha na kupendeza kwa mabega, macho na mwendo tu. Nathubutu kusema ya kuwa hakupata tena nafasi yenye hila na uzito kama ile hata alipofika kwa matajiri wa sinema. Micheaux hakuogopa kumwonyesha mtu mweusi kuwa mbaya, kwa sababu alimwonyesha pia kuwa mwema, na wote wawili walikuwa watu.

Kutoka hapo njia yake ilielekea Uingereza. Mwaka 1928 aliimba katika mchezo wa Show Boat mjini London, na mwaka 1930 akaigiza Othello katika ukumbi wa Savoy, Peggy Ashcroft akiwa Desdemona. Mwaka 1933 alirudi New York kwa majuma machache kutengeneza filamu ya The Emperor Jones, iliyotokana na mchezo wa O'Neill: habari za mtumishi wa gari la moshi anayekimbia jela na kujifanya mfalme wa kisiwa, kisha akafa akiwa ameandamwa na hofu zake mwenyewe porini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu mweusi kuwa nguzo ya filamu kubwa ya kusema, na weupe wawe pembezoni mwake.

Sasa twaja kwenye mwaka 1934. Katika mji wa London Robeson alikutana na wanafunzi wa Kiafrika, na mazungumzo yao yalimtia kiu. Aliandika mwaka huo makala ya kueleza kwamba anataka kuwa Mwafrika, yaani kwamba Mmarekani mweusi ameiga utamaduni usio wake na kuudharau wa kwake, na kwamba ufunguo wa kuurudia wa kwake ni lugha. Alidai kuwa katika muziki na katika usemi wa watu wake wa Marekani ameona mambo yanayofanana na yale anayoyasikia katika lugha za Afrika, na kwamba mwana wa Amerika mweusi akijifunza lugha hizo hujisikia kama anakumbuka kuliko kama anasoma.

Tulipime dai hili kwa utulivu. Wengi wa wahenga wa Wamarekani weusi walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi na nchi za Kongo na Angola. Kiswahili hakikuwa lugha yao. Tena, Robeson alivutwa sana na jinsi maana inavyofuata kupanda na kushuka kwa sauti, jambo lililo kweli katika lugha nyingi za Magharibi na katika ndugu wengi wa Kibantu, lakini si katika Kiswahili, ambacho huweka mkazo wake katika silabi ya pili kutoka mwisho na hakitofautishi maneno kwa sauti ya juu na ya chini. Basi kama alikuwa anatafuta muziki wa mababu zake ndani ya Kiswahili, alibisha mlango wa jirani. Hata hivyo jirani yule alikuwa wa ukoo. Mpango wa ngeli, viambishi vinavyofuatana kama watu wa mlolongo mmoja, wingi wa maneno yenye asili moja: mambo hayo yalimfungulia nyumba ya Kibantu nzima, na Kikongo ni chumba kimojawapo katika nyumba hiyo. Nalo dai lake la msingi, kwamba usemi wa watu weusi wa Marekani una mabaki ya Afrika ndani yake, halikuwa ndoto. Lorenzo Turner, mwanachuoni mweusi wa Marekani aliyekuja kusoma katika chuo kilekile cha London mwaka 1936, alitoa mwaka 1949 kitabu juu ya lahaja ya Wagullah wa South Carolina na Georgia, akaonyesha maneno na majina ya Kiafrika kwa maelfu. Msanii alilisikia jambo kwa sikio kabla ya mtaalamu kulithibitisha kwa daftari.

Yafaa kukumbuka pia hali ya Kiswahili chenyewe wakati ule. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, na kazi ya kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja ilikuwa mbioni. Kiswahili alichokisoma Robeson, kwa hiyo, kilikuwa ndiyo kwanza kinanyooshwa kwa ajili ya shule na ofisi. Darasa za London zilikusudiwa hasa watu waliokwenda kutawala na kuhubiri. Mtu mweusi aliyeketi mle ili ajione mwenyewe katika lugha alikuwa akikitumia chombo kwa kazi ambayo waliokitengeneza hawakuifikiri.

Karibu na chuo hicho, katika University College, Mkikuyu mmoja alikuwa akiwasaidia wataalamu wa matamshi kuichunguza lugha yake. Matunda ya kazi hiyo yalitoka mwaka 1940 katika kitabu cha Lilias Armstrong juu ya matamshi na toni za Kikikuyu, baada ya mwandishi kufariki. Mkikuyu huyo aliitwa wakati ule Johnstone Kenyatta. Yeye na Robeson walijuana, na hivi punde tutawakuta wamesimama katika picha moja.

Picha yenyewe ni Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935. Mwenye mali alikuwa Alexander Korda, na mwongozaji ndugu yake Zoltan. Hadithi ilitokana na vitabu vya Edgar Wallace juu ya afisa wa Kiingereza anayewatawala watu wa mto katika Nigeria. Zoltan Korda alisafiri Afrika kwa miezi, akarudi na picha nyingi za ngoma, mapigo ya makafi, na maisha ya vijijini, pamoja na sauti zake. Robeson alipoonyeshwa hayo alivutwa moyo. Hapa, alidhani, kuna nafasi ya kuuonyesha ulimwengu kwamba Afrika ina utamaduni. Na yeye mwanafunzi wa lugha zake ataigiza chifu, Bosambo, kwa heshima.

Kijiji cha Kiafrika kilijengwa kwenye studio za Shepperton, karibu na mto Thames. Watu wa kukijaza walitafutwa miongoni mwa Waafrika waliokuwamo Uingereza: mabaharia na wachukuzi wa bandari za Cardiff, Liverpool na London, na wanafunzi wenye shida ya fedha. Kenyatta alikuwa mmoja wao, akapewa nafasi ndogo ya chifu. Majina ya makabila yaliwekwa katika utangulizi wa filamu, Waacholi wa Uganda na Wamendi wa Sierra Leone wakiwamo, kana kwamba ni watu wa mto mmoja. Kwa mwanalugha hapo pana jambo la kutazama. Mtengenezaji alikusanya watu ambao hapana lugha moja ya Kiafrika iliyowaunganisha, akawavika mavazi ya namna moja, akawafanya kabila. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiingereza tu, na ndicho Bosambo anachokisema na kukiimba.

Kisa chake ni hiki. Bosambo, mfungwa aliyetoroka Liberia, amejifanya chifu, na afisa Sanders, anayeigizwa na Leslie Banks, anamvumilia kwa kuwa ni mtiifu. Sanders anakwenda likizo ili aoe. Walanguzi wa pombe na bunduki wanaeneza habari kwamba amekufa, na ya kuwa hakuna sheria tena. Mfalme Mofolaba anaanzisha vita, Bosambo na mkewe Lilongo wanakamatwa, na mwisho Sanders anarudi na meli yake ya moshi kuwaokoa, na kumfanya Bosambo mfalme wa mto. Wimbo wa kupiga makafi, ambao santuri zake ziliuzwa sana, ni mzuri kwa sauti. Lakini maneno yake ni sifa za yule afisa, nguvu zake na hekima yake. Hivyo sauti ya mwana wa mtumwa ilitumiwa kumwimbia mtawala.

Haya yote hayakuwa wazi kwake alipokuwa akiigiza. Sinema hutengenezwa vipande vipande, siku hii mwisho, kesho mwanzo, na mwigizaji huona sehemu yake tu. Picha ilipokamilika ilikuwa na utangulizi wa kuwasifu Waingereza wachache wanaolinda amani ya mamilioni, na ngoma zilizomvuta Robeson zimegeuzwa kuwa pazia la nyuma, ushahidi wa ushenzi unaohitaji mlinzi. Ngoma zilikuwa za kweli. Watu walikuwa wa kweli. Uongo uliingia katika mpangilio, yaani katika mkasi. Mfasiri mwenye uzoefu atalielewa jambo hili mara moja: waweza kuchukua sentensi za mtu zilizo kweli kila moja peke yake, ukazipanga hata zikasema asilolisema.

Lawama hazikukawia. Marcus Garvey, aliyekuwa London siku zile, alimshutumu kwa maneno makali katika gazeti lake, akasema kwamba anasaidia kuwadhalilisha watu wake. Robeson kwanza alijitetea; baadaye aliikana picha ile hadharani, wala hakuficha kwamba alidanganywa na tamaa yake mwenyewe ya kuiona Afrika ikionyeshwa. Kwa maoni yangu Garvey alikuwa na haki juu ya picha lakini si juu ya mtu. Mwigizaji wa wakati ule alikuwa na uwezo wa kukataa kazi. Uwezo wa kuirekebisha hakuwa nao.

Robeson aliutafuta. Katika mapatano ya filamu ya Song of Freedom, mwaka 1936, alidai na kupewa haki ya kuidhinisha picha ya mwisho kabla haijatoka. Lilikuwa jambo lisilosikika kwa mwigizaji mweusi, na hata weupe walioipata ni wachache. Katika picha hiyo anaigiza John Zinga, mchukuzi wa bandari ya London anayeimba akiwa kazini. Ndani yake kuna wimbo ambao hajui umetoka wapi, ila ameupokea kwa wazee wake. Na wimbo huo ndio unaokuja kumtambulisha kuwa mrithi wa ufalme wa kisiwa cha Casanga katika Afrika. Nayo ni hadithi dhaifu katika nusu yake ya pili, na Waafrika wa kisiwa kile wamechorwa kwa haraka na kwa dharau ya kawaida. Lakini nusu ya kwanza ni makala ya 1934 iliyogeuzwa sinema: mtu mweusi wa mjini anayebeba kinywani mwake kipande cha lugha asichokielewa, na kipande hicho ndicho hati yake ya uzawa.

Mwaka 1937 akaigiza Umbopa katika King Solomon's Mines. Hapa msomaji wa Kiswahili ana fursa ya pekee, kwa maana kitabu cha Rider Haggard kilikuwa kimetoka kwa Kiswahili tangu mwaka 1929, kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na mfasiri wake alikuwa Frederick Johnson yuleyule wa Kamati ya Lugha. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki walimjua Umbopa kwa njia hiyo kabla ya kusikia habari za Robeson. Katika kitabu cha Kiswahili watu wote, mweupe na mweusi, husema Kiswahili kimoja. Hakuna lugha ya bwana na lugha ya mtumishi. Mfalme aliyejificha husema kwa ufasaha uleule wa mwindaji aliyemwajiri, na pengine kwa kuupita. Tafsiri, bila ya kukusudia, ilimpa Umbopa usawa wa usemi. Katika sinema Robeson alilazimika kuutafuta usawa huo kwa njia nyingine, yaani kwa kimo, kwa ukimya, na kwa nyimbo zilizoongezwa ili aziimbe. Kwa sehemu alifaulu: anapojifunua kuwa Ignosi, mtazamaji hashangai, kwa kuwa tangu mwanzo hakutembea kama mchukuzi wa mizigo. Lakini nafasi yenyewe ni ya mtu anayengoja wageni wampe kiti cha baba yake.

Picha ya Jericho, mwaka huohuo, ilimpeleka Misri, na huko ndiko alikoukanyaga udongo wa Afrika kwa mara ya kwanza. Mkewe alikuwa amemtangulia. Eslanda, aliyesoma elimu ya mila na desturi mjini London chini ya Malinowski, alisafiri mwaka 1936 pamoja na mtoto wao kutoka Afrika ya Kusini hata Uganda, akaandika safari hiyo katika kitabu cha African Journey kilichotoka mwaka 1945. Ni kitabu cha macho makali na ulimi mwepesi, na kwa yeyote anayetaka kujua hali ya nchi hizi katika miaka ile, chapita sinema zote za mumewe.

Filamu aliyoipenda kuliko nyingine haikuhusu Afrika. The Proud Valley, ya mwaka 1940, yaeleza habari za baharia mweusi anayefika Wales bila kazi, akasikia kwaya ya wachimba makaa ya mawe inaimba chumbani, naye akiwa barabarani akaitikia sauti ya chini. Kwa sauti hiyo anaingizwa katika kwaya, na kwa kwaya katika mgodi, na mwisho anatoa maisha yake kwa ajili ya wenzake chini ya ardhi. Waigizaji wengi walikuwa watu wa mabonde yale, na Robeson aliwajua tangu mwaka 1929 alipokutana na wachimbaji waliokuwa wakiandamana London wakiimba. Nyimbo za Kiwelshi alizijifunza na kuziimba kwa lugha yake. Tofauti na Bosambo ni kubwa. Hapa hakuwakilisha taifa lolote; alikuwa mgeni aliyejifunza lugha ya wenyeji, na wenyeji wakamsikiliza.

Aliporudi Marekani mwaka 1939 alijaribu sinema ya Hollywood mara moja tu zaidi, katika Tales of Manhattan ya mwaka 1942. Sehemu yake ilionyesha watu weusi wa mashambani walio wajinga na wacha Mungu, wanaookota fedha zilizoanguka kutoka katika ndege wakadhani zimeshuka mbinguni. Alijaribu kuibadilisha, akashindwa, akatangaza kwamba mtu akiipinga mlangoni mwa sinema naye atajiunga naye. Hakuigiza tena Hollywood. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Oktoba, 1943, alianza Othello mjini New York, na maonyesho yakafika 296, idadi ambayo mchezo wa Shakespeare haujapata kuipita katika Broadway. Mchezo huo haukutiwa katika filamu, na hasara hiyo haina fidia.

Masomo ya 1934 yalizaa tunda jingine nje ya sanaa. Robeson alikuwa mwenyekiti wa baraza la mambo ya Afrika lililoanzishwa New York mwaka 1937 pamoja na Max Yergan, ambalo kwa karibu miaka ishirini lilieleza Wamarekani habari za makoloni, likachangisha chakula kwa wenye njaa wa Afrika ya Kusini, na kupinga dhuluma za Kenya baada ya mwaka 1952. Alikuwa pia rafiki wa Urusi ya Kisovieti, aliyoitembelea mara ya kwanza Desemba 1934, na urafiki huo hakuuvunja hata zilipopatikana sababu nzito za kuuvunja. Jambo hilo ni doa, na wampendao wasilifute. Mwaka 1949 makundi ya watu yalishambulia maonyesho yake karibu na Peekskill, New York. Mwaka 1950 Serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti. Milango ya kumbi na redio ikafungwa.

Sababu ya kunyang'anywa hutajwa kuwa ni ukomunisti. Lakini katika maelezo iliyoyapeleka mahakamani, Wizara ya Nchi za Nje ilitaja wazi jambo jingine: kwamba kwa miaka mingi amekuwa akijishughulisha na uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Robeson aliyaeleza hayo katika kitabu chake Here I Stand cha mwaka 1958, wala hakuyaona kuwa tusi.

Basi tazama watu wawili wa kijiji kile cha mbao cha Shepperton. Tarehe 20 Oktoba, 1952, Kenyatta alikamatwa, akahukumiwa Kapenguria, akakaa kifungoni na katika kizuizi hata mwaka 1961. Robeson alizuiliwa ndani ya mipaka ya nchi yake kutoka 1950 hata 1958. Mwezi Mei 1952 alisimama mpakani akawaimbia Wakanada waliokuwa upande wa pili, na mwaka 1957 akawaimbia watu wa London, kisha wachimbaji wa Wales, kwa waya wa simu uliopita chini ya bahari. Wale waliokodiwa mwaka 1934 kuwa raia watiifu wa afisa Sanders, serikali za kweli ziliwaona kuwa watu wa kufungiwa.

Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1958 kwamba raia hawezi kunyimwa pasipoti kwa sababu ya imani yake, Robeson alirudi Uingereza, akaigiza Othello Stratford mwaka 1959. Afya yake ikavunjika Moscow mwaka 1961. Desemba 1963 alirejea Marekani akiwa mgonjwa na mnyamavu. Siku ya 12 ya mwezi huohuo bendera ya Kenya ilikuwa imepandishwa Nairobi, na Kenyatta akiwa Waziri Mkuu. Eslanda alifariki Desemba 1965. Yeye mwenyewe alikaa kwa dada yake Philadelphia, akafa huko tarehe 23 Januari, 1976. Pwani ya Afrika ya Mashariki, ambayo lugha yake aliisoma, hakupata kuifikia.

Karatasi zake na za Eslanda zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Miongoni mwake yamo maandishi aliyojiandikia mwaka 1934, wakati wa masomo yake, juu ya lugha, muziki na asili ya watu wake. Waandishi wa maisha yake wameyatumia kueleza siasa zake. Yangefaa sasa yasomwe na mtu anayekijua Kiswahili, mstari kwa mstari, kama yanavyosomwa madaftari ya mwanafunzi.